Twende Kitulo na watoto: matembezi ya familia katika Bustani ya Mungu

Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, mvua zinapokuwa zimekolea na wachumaji wa chai Mufindi hawana nafasi ya kupumzika, uwanda wa Kitulo hufunikwa na maua. Huu ndio msimu wa familia ya kwetu Igowole, Mufindi, kufunga mkoba, kuwavika watoto masweta na kwenda kutembea kwa miguu ndani ya hifadhi ya taifa. Huhitaji fedha za safari ya Serengeti wala gari la kitalii lenye paa la kufunguka. Unahitaji viatu vinavyohimili tope, koti la mvua, na subira ya kufuata mwendo wa mtoto.

Nasema haya nikijua wengi wetu tunavyozifikiria hifadhi. Mtu wa Iringa akisikia hifadhi anaiwaza Ruaha: tembo, simba, vumbi la kiangazi, na mtoto aliyekaa dirishani kutwa nzima akikatazwa kushuka. Ruaha ni fahari yetu na inastahili kutembelewa. Lakini mtoto wa miaka saba anahitaji pia mahali anaporuhusiwa kukimbia, kuinama, kunusa na kuuliza maswali bila kioo mbele yake. Mahali hapo tunapo, ng'ambo ya Makambako, na wengi wetu tumekuwa tukipita chini yake kila tunapokwenda Mbeya bila kuinua macho.

Hifadhi ya kutembea

Hifadhi ya Taifa Kitulo ilianzishwa rasmi mwaka 2005. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, na uwanda wake uko takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya safu za milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa sababu ya mimea yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na wataalamu wa mimea nao wakaipa jina lao: Serengeti ya Maua.

Majina hayo hayakutolewa kwa kupamba. Uwanda huu una aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Udongo wake umetokana na volkano za kale za upande wa Rungwe, mvua ni nyingi, na usiku wa Juni na Julai baridi hufikia kuganda. Mmea usioweza kujificha ardhini wakati wa baridi na kuchipua upya mvua zinaporudi hauwezi kuishi hapa. Ndiyo maana maua ya Kitulo huja kwa pamoja na kwa wingi: yana miezi michache tu ya kufanya kazi yao ya mwaka mzima.

Watu wamepita hapa muda mrefu. Mwaka 1877 Mwingereza Frederick Elton alikatiza milima hii akitokea Ziwa Nyasa, na kwa miaka mingi ramani za wageni ziliuita uwanda huu kwa jina lake. Baadaye likaja shamba la mifugo la Serikali, na mpaka leo ng'ombe wa maziwa wa Kitulo hulisha jirani na hifadhi. Kuzunguka pande zote ni vijiji vya Wawanji, Wakinga, Wasafwa na Wanyakyusa, wakulima wa viazi mviringo, mahindi na pareto. Mgeni kutoka Mufindi hatajiona yuko ugenini. Ukisema "kamwene" sokoni Matamba utaitikiwa vizuri, na baridi ya asubuhi itakukumbusha nyumbani.

Kona 57

Kutoka Igowole unashuka hadi Nyololo, unaingia barabara kuu ya Tanzania na Zambia, unapita Makambako, na kuendelea na njia ya Mbeya mpaka Chimala. Ukiondoka alfajiri, mchana uko Matamba. Abiria wa basi hushuka Chimala na kutafuta gari dogo la kupandia juu. Mwenye gari lake binafsi akague breki na maji ya rejeta hapo Chimala, kwa sababu kinachofuata si barabara ya mchezo.

Wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Kutoka tambarare ya Usangu, yenye joto na mashamba ya mpunga, barabara inaparamia ukuta wa mlima kona kwa kona. Kila kona inafungua upande mwingine wa bonde, na mashamba yanazidi kuwa madogo chini yako. Watoto hupenda kuhesabu kona. Waache wahesabu, ila wasiwe wamekula chakula kizito, maana tumbo la mtoto halipendi mizunguko. Masweta yawe karibu. Nusu ya kwanza ya mlima mtu anafungua dirisha, nusu ya pili analifunga.

Juu kuna Matamba, mji mdogo wenye nyumba za wageni, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya hifadhi. Lala hapo siku ya kwanza. Asubuhi mtapanda kuingia uwandani mkiwa na nguvu, na miili itakuwa imeanza kuzoea hewa ya juu. Wakati wa mvua njia ya kuingia uwandani huteleza, kwa hiyo tumieni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ziko njia nyingine: kupitia Njombe na Makete, au kwa watokao Mbeya mjini kupitia Isyonje. Kwa mtu wa Mufindi anayekwenda mara ya kwanza, ningependekeza Chimala, kwa sababu njia hiyo peke yake ni somo la jiografia ambalo mwalimu hawezi kulichora ubaoni.

Mwendo wa mtoto

Matembezi ya familia Kitulo hayahitaji kuwa marefu. Saa mbili au tatu za asubuhi kwenye uwanda, mkiwa na askari wa hifadhi au mwongoza watalii, zinatosha kujaza kichwa cha mtoto kwa mwezi mzima. Ardhi ni ya mawimbi mapana, miteremko si mikali, na mbele unaona mbali, kwa hiyo mtoto anayetangulia hatua 50 bado yuko machoni pa mama yake. Mwenye mtoto mchanga ambebe mgongoni kwa mbeleko. Bibi na babu nao waje, kwani uwanda haubagui umri.

Hewa ya mita 2,600 ni nyepesi. Igowole kwenyewe ni nyanda za juu, jambo linalowapa watoto wetu nafuu kuliko wenzao wa Dar es Salaam, lakini bado watahema zaidi ya kawaida. Anayelalamika kichwa kinamuuma apumzishwe, anyweshwe maji, na asilazimishwe. Jua la huko huchoma ngozi hata wingu likiwepo, kwa hiyo kofia ni muhimu. Anzeni asubuhi mapema, kwa sababu mchana wa masika huleta ngurumo, na uwanda usio na miti si mahali pa kungojea radi.

Kwa vijana wenye miguu iliyokomaa ipo milima mirefu. Mtorwi una mita 2,961 na ndio mrefu kuliko yote Nyanda za Juu Kusini, ukiuzidi Rungwe kwa mita moja. Wapo pia wanaovuka safu ya Livingstone kwa miguu na kuteremka hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Hiyo ni safari ya watu wazima waliojiandaa. Mtoto aliyeanza na uwanda leo ataifikia akiwa kidato cha nne.

Hifadhi pia ina msitu mnene wa Livingstone, na ndani yake anaishi mnyama ambaye habari yake inafaa kusimuliwa mnapotembea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya Rungwe walisikia habari za tumbili aliyeitwa kipunji. Hakuwemo katika kitabu chochote cha sayansi. Mwaka 2003 watafiti wakamwona kweli, na mwaka uliofuata wengine wakamwona kwenye milima ya Udzungwa, katika mkoa wetu wa Iringa. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa hafanani vya kutosha na tumbili yeyote anayejulikana, akapewa jenasi yake, Rungwecebus. Ilikuwa ni jenasi mpya ya kwanza ya tumbili barani Afrika tangu mwaka 1923. Si rahisi kumwona kwenye matembezi ya familia. Lakini mtoto aelewe kuwa ugunduzi huo ulianza kwa mtu kuketi na kuwasikiliza wazee wa kijiji.

Viazi viwili chini ya ua moja

Mtakapofika kwenye maua, simameni. Yapo yaliyo na shingo ndefu na vichwa vya rangi ya moto, nyekundu juu na njano chini, na ndege aina ya chozi hushuka kunywa asali yake akining'inia kichwa chini. Zipo jerani za waridi, maua ya jamii ya yungiyungi, na mishubiri mahali penye mawe. Kisha muulize mwongoza watalii awaonyeshe okidi. Mtapaswa kupiga magoti.

Okidi ya Kitulo si ua kubwa la kuwekwa ofisini. Ni bua moja lililosimama katikati ya majani, urefu wa goti la mtu mzima au pungufu, na juu yake vijiua vingi vimepangwa kuzunguka, kila kimoja kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Ukikitazama kwa karibu utaona mdomo uliofunguka, na nyuma yake vibomba viwili vyembamba vimening'inia. Humo ndimo asali ilimo. Mdudu mwenye ulimi wa urefu unaofaa akija kunywa huondoka na chavua, akaipeleka kwenye ua lingine. Mdudu mwenye ulimi mfupi hapati kitu.

Uhai wa mmea huo uko chini ya udongo. Okidi nyingi za aina hii huwa na viazi viwili. Kimoja kimenyauka, kwa sababu ndicho kinacholisha bua na maua ya mwaka huu. Kingine ni kigumu na kimejaa. Hicho ni akiba ya mwaka ujao. Ndicho kitakacholala ardhini wakati wa baridi na kuchipua mvua zikirudi.

Na hicho hicho ndicho kinachochimbwa. Nchini Zambia, viazi vya okidi husagwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Hitaji lilipokua kuliko vilivyokuwepo kwao, wafanyabiashara wakavuka mpaka, na Nyanda za Juu Kusini zikageuka chanzo. Magunia yakawa yanasafiri kuelekea Tunduma. Mchimbaji anachukua kiazi kigumu na kukitupa kilichonyauka, maana yake amechukua mmea wote pamoja na mwaka wake ujao. Wala hauwezi kupandwa upya upesi kama viazi mviringo. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula. Inahitaji kuvu maalumu wa udongoni ili iote, na miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa zilizosukuma Kitulo kuwa hifadhi. Simlaumu kijana wa Makete aliyechimba akitafuta ada ya shule. Umaskini ni mwalimu mkali. Lakini sheria imewekwa, askari wapo, na kilichobaki ni kazi ambayo askari hawezi kuimaliza peke yake: kulea watu wanaolijua ua hilo kwa sura. Mtoto aliyepiga magoti mbele yake, akahesabu vijiua vyake na kuelezwa habari ya viazi viwili, atakuwa mtu mzima mgumu kushawishika.

Kilima kisicho na miti si kitupu

Liko swali ambalo mtoto wa Mufindi atauliza akifika Kitulo: mbona hapa hawajapanda miti? Mzazi asilipuuze, kwa sababu ndilo swali kubwa kuliko yote ya safari.

Sisi tumelelewa na mti. Shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini, liko wilayani kwetu. Mbao za mipaini zimejenga nyumba zetu, nguzo za mikaratusi kutoka Mufindi zimepeleka umeme nchi nzima, na kiwanda cha karatasi kule Mgololo kimelisha familia nyingi. Ekari chache za miti ndizo akiba ya mzee na karo ya mjukuu. Ninaiheshimu kazi hiyo. Lakini imetuzoesha kukitazama kilima chenye nyasi kama kilima kinachosubiri, ardhi ambayo bado hajapatikana mtu wa kuipanda.

Kitulo inaonyesha kinyume chake. Nyasi zile zina umri mkubwa, na zina viumbe ambavyo kivuli cha mpaini kingeviua vyote. Tandawala, ndege mkubwa anayetembea kwa madaha, hutaka uwazi ili aone adui akiwa mbali. Mbayuwayu buluu, ndege mdogo aliye hatarini kutoweka, huja Kitulo kuzaa wakati wa mvua na kisha husafiri kwenda upande wa Ziwa Viktoria. Kiota chake hukijenga ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na mhanga. Kusini mwa Afrika amepoteza makazi yake mengi kwa sababu nyasi zilipandwa miti ya biashara. Hakuna aliyekusudia kumwangamiza. Watu waliona tu mahali patupu.

Kisha kuna maji. Uwanda wa Kitulo na milima inayouzunguka hunywa mvua kama sifongo na kuiachia polepole. Vijito vya upande wa kaskazini hushuka Usangu, ambako mpunga wa Mbarali hulimwa, na kuungana kuwa Mto Ruaha Mkuu. Maji hayo hupita Hifadhi ya Ruaha, yakaingia Bwawa la Mtera, yakazungusha mitambo ya Kidatu, na mwishowe huungana na Rufiji kuelekea Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Vijito vya upande wa pili hushuka Ziwa Nyasa. Mtoto anayeruka kijito cha Kitulo kwa hatua moja ameruka mwanzo wa wali wa Mbarali na taa za Dar es Salaam. Mwambie hivyo akiwa bado amesimama hapo, na somo litamkaa.

Kabla ya kufunga safari

Wasilianeni na ofisi ya hifadhi mapema mpate mwongoza watalii na kujua hali ya njia. Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na kiwango cha Mtanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Beba kitambulisho cha taifa. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Mkiwa kundi la shule, kwaya au kikundi cha akiba na mikopo, kosta moja itapunguza gharama ya kila familia.

Kila mtoto awe na nguo za kubadilisha, kwa sababu mvua ya Kitulo haina miadi. Mabuti ya mvua yanayovaliwa shambani yanafaa kabisa; yanazuia tope na yanakinga miguu kwenye majani marefu. Chupa ya chai ya maziwa, chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vya kuchoma vitanoga kuliko biskuti za dukani. Kila kilichopanda na nyinyi kishuke na nyinyi, hata maganda ya mayai. Na ua lisichumwe, hata moja, hata mtoto akilia. Mpeni daftari na penseli achore.

Wanaopenda misitu kuliko nyasi wana Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo nayo hutembelewa kwa miguu. Lango lake lipo Mang'ula, na maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 katikati ya msitu. Safari ni ndefu zaidi kutoka kwetu, na kupanda ni kukali kidogo kwa watoto wadogo, lakini ni hatua nzuri baada ya Kitulo.

Na mkisharudi, matembezi yasiishie hapo. Yapo mabonde na vilima Mufindi ambavyo bado vina nyasi zake za asili, na masika zikikolea navyo huchanua, ingawa hatuna desturi ya kwenda kuvitazama. Jumapili mkitoka kanisani au kwenye shughuli zenu, waambieni watoto watafute ua walilojifunza Kitulo. Wakilipata, serikali ya kijiji iambiwe, na mkutano ujao wa kijiji ujadili kama kipande hicho kinaweza kuachwa bila kupandwa miti, ili chemchemi iliyo chini yake iendelee kutoa maji na walimu wapate pa kupeleka wanafunzi. Ekari za mipaini tunazo nyingi. Mabonde ya maua yamebaki machache, na uamuzi wa kuyaacha uko mikononi mwa wenye ardhi, ambao ni sisi.